Watoto wetu wanakopi, hawaandiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, limenikaa kifuani muda mrefu na kila nikifungua ukurasa wa barua nakuta mzazi analalamika mtoto wake yuko kidato cha pili hawezi kuandika hata barua fupi ya Kiingereza, na mwisho wa barua lawama zote zinamwangukia mwalimu wa Inglishi. Mwalimu mwenyewe ndo mimi. Nimefundisha Inglishi shule za serikali miaka 23, saivi niko shule moja ya kata huku Muheza, nashika kidato cha kwanza na cha pili, na sijaja kujitetea. Mzazi anayelalamika ana haki kabisa. Nachotaka ni tuangalie wote mtoto anakwama wapi hasa, maana tukikosea hapo hata hela ya tuisheni inaenda bure.

Leo jioni mwambie mwanao akuletee kaunta buku yake ya Inglishi. Utakuta mwandiko wa kuvutia, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, tarehe ipo pembeni, kurasa zimejaa notsi tangu Januari, kila kitu kipo. Utafurahi. Sasa muulize swali moja tu, katika kurasa zote hizi ni wapi umeandika maneno yako mwenyewe, ambayo hukuyatoa ubaoni wala kitabuni wala kwa mwenzako? Mwaka juzi mwezi wa nane nilikusanya daftari za mkondo mmoja nikafanya hiyo hesabu, nilibaki ofisini mpaka mlinzi akaja kuniuliza Madamu leo unalala hapahapa, na nilichokikuta kiliniumiza. Wengi walikuwa na kurasa mbili au tatu za maneno yao kwa miezi yote ile. Wengine hawakuwa na hata moja. Mtoto anashika peni kutwa nzima, karibu masomo yote ni Kiingereza, mkono unauma, lakini kichwa chake hakijatunga sentensi tangu asubuhi. Ni sawa na kumpa mtu kazi ya kuosha vyombo miaka miwili halafu siku ya shughuli unamkabidhi mwiko apike pilau la watu mia.

Kwa nini sasa walimu hatutoi insha? Hesabu yake ni hii. Nina mikondo mitatu, kila mkondo watoto 68, jumla 204. Kiwango cha serikali kwa sekondari ni watoto 40 kwa darasa lakini shule nyingi za kata hatujafika huko. Nikiwapa insha ya ukurasa mmoja nikatumia dakika 3 tu kwa kila daftari ni dakika 612, yaani zaidi ya saa 10, na hapo sijaandaa somo la kesho, sijashika zamu, na nyumbani kuna watoto wananisubiri. Kwa hiyo mwalimu anatoa insha mara moja kwa muhula, anairudisha baada ya wiki tatu mtoto ashasahau hata aliandika nini, ukurasa wote mwekundu, mtoto anaangalia juu pale kaona 7 kati ya 20 anafunga daftari basi. Hajajifunza kitu na mwalimu kachoka bure. Nimefanya hivo miaka mingi nikiamini ndo kazi inavyotakiwa, na watoto waliopita mikononi mwangu kipindi hicho nawaomba radhi kwa dhati.

Mtoto asiyezoea kuandika anatafuta pa kujishikiza, anakariri barua. Aliyesoma sekondari nchi hii anaijua, "Dear father, how are you? I hope you are fine. If you want to know about me, I am fine. The main aim of this letter is to inform you that..." na ikifika kwenye hiyo "that" ndo kila kitu kinasimama, maana mpaka hapo yote ilikuwa ya kichwani na sasa inabidi aseme jambo lake. Kwenye insha hivohivo, mpe ukataji miti, mpe malaria, mpe elimu ya mtoto wa kike, aya ya mwisho ni ileile, serikali itoe elimu kwa jamii. Baraza la Mitihani kila mwaka linatoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zipo bure kwenye tovuti yao na wanaweka mpaka picha za majibu kama mtoto alivyoandika kwa mkono wake. Walimu wenzangu tuzisome jamani. Utaona watoto waliochukua maneno ya swali lenyewe wakayafanya ndo jibu, na sio Inglishi tu, ni Historia, ni Baiolojia, ni Jiografia, sababu inayorudi kila ukurasa ni kwamba mtahiniwa alishindwa kujieleza kwa Kiingereza. Yaani mtoto anaweza akawa anaijua mada vizuri tu, mulize kwa Kiswahili anakueleza mpaka unashangaa, ila kwenye karatasi anapata sifuri.

Sasa nieleze kilichonibadilisha. Kulikuwa na binti mmoja kidato cha pili, jina lake nalihifadhi, mkimya, anakaa karibu na dirisha, Inglishi alikuwa anapata F kila jaribio. Siku hiyo nilikuwa nimechoka sana, nikaandika ubaoni maneno manne, "This morning I saw", nikawaambia kila mtu amalizie kwa mistari mitano, alichokiona kweli asubuhi ya leo, sitaki cha kitabuni na sitoi maksi. Darasa lilinyamaza mpaka nikasikia watu wanaopita barabarani. Yule binti aliandika hivi, karatasi ninayo mpaka leo:

"This morning I saw my mother she sell orange at bus. Bus it not stop. My mother she run. The man he take orange and bus it go. My mother she not get money."

Aliyewahi kupita stendi ya Muheza anaijua hiyo picha, basi la Tanga linapunguza mwendo tu halisimami vizuri, kinamama wanakimbia nalo wamenyoosha mifuko ya machungwa juu dirishani, mkono unachukua mzigo na hela wakati mwingine hairudi. Mtoto amesema yote hayo kwa sentensi tano na unamuona mama anavyokimbia. Na huyu ndo wa F. Nilikaa na ile karatasi nikajiuliza miaka yote hii nilikuwa namsahihishia nini? Cha kusema anacho, tena kingi, mimi ndo nilikuwa nampa kazi ya kumwandikia rafiki wa kalamu aliyeko London, rafiki ambaye hana.

Alafu angalia makosa yake kwa utulivu. Yanaonekana mengi ila ni mawili matatu yanajirudia, na kubwa lao linatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tunasema mama anauza. Hilo a- la mwanzo lazima liwepo, ukisema mama nauza umeharibu. Mtoto anajua tangu anajifunza kuongea kwamba baada ya kumtaja mama lazima kije kitu kinachomrudia mama, ndo anaandika "my mother she sell", na basi likisimama lina li- lake, anaandika "bus it". Hakosei ovyo huyu, anafuata kanuni, na kanuni ni sahihi ila ni ya lugha nyingine. Kesho yake niliandika ubaoni sentensi mbili, ya Kiswahili juu ya Kiingereza chini, nikazungushia duara ile a- ya anauza na ile "she", nikawaambia Kiswahili kinaidai hii, Kiingereza kinasema mama ashatajwa inatosha. Darasa zima likatoa sauti moja, aaaah. Haikufika hata dakika 5. Kosa nililolipiga peni nyekundu miaka nenda rudi bila kupungua, wiki ile lilianza kupungua, na waliokuwa bado wanaliandika walianza kuliona wenyewe wanalikata kabla sijafika kwenye dawati.

Yapo mengine ya namna hiyo na kila mwalimu anaweza akayakusanya kwenye daftari za watoto wake. "At home have two cows", maana nyumbani kuna. "I hear hungry", maana nasikia njaa. "I call Asha", maana naitwa, na mtoto hajui kwamba hapo kajigeuza yeye ndo anayeita. He na she zinachanganywa kwa sababu kwetu wote ni yeye. A na the zinaachwa kabisa maana hatunazo, na hizo walimu tusizikimbilie, ndo zinachelewa kuliko zote, mtu anamaliza digrii bado zinamsumbua. Na tahajia, mtoto ametoka kwenye lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, leo anakutana na "enough", akiandika "inafu" masikio yake yamefanya kazi nzuri, mwambie hivo kwanza, alafu mwonyeshe neno lilivyo na alitumie kwenye sentensi zake mbili tatu za wiki hiyo likae.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Shule nyingi zina kibao kwamba ukivuka hapa ni Kiingereza tu, na monita anaandika majina ya walioongea Kiswahili, mwisho wa wiki ni viboko au kufyeka. Nimeona mtoto wa kidato cha kwanza anamwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni kwa ishara za mikono, wenzake wanacheka, kwa sababu sentensi haijui na Kiswahili kinampeleka kwenye orodha. Watoto hawakuwa waongeaji wa Kiingereza kwa njia hiyo, walikuwa mabubu, na aliyezoeshwa kunyamaza utamwambia aandike nini? Mimi mwenyewe kuna siku mthibiti ubora mmoja aliingia kipindi changu akakuta ubaoni ile mama anauza, akaandika kwenye ripoti kwamba natumia Kiswahili kufundishia Inglishi. Ilinisononesha sana. Lakini nimeendelea, maana naona kwa macho yangu. Wape watoto dakika 5 wajadili kwa Kiswahili kwenye vikundi, tunaandika nini, ilianzaje, nani alisema nini, ikaishaje, alafu peni zikishikwa iwe Kiingereza. Insha zilizojadiliwa hivo zinakuwa na nyama ndani. Zile za kuwarusha moja kwa moja zinaishia mstari wa tatu.

Nachofanya kila kipindi sio kitu cha gharama. Dakika 10 za kwanza ni mistari mitano. Kila mtoto ana daftari dogo la pembeni, haliingii notsi hata siku moja, ni la maneno yake tu. Mada ni za maisha yao, mvua ya jana iliharibu nini, nani nyumbani anaamka wa kwanza na anafanya nini, namna ya kuchuma machungwa bila kuyabonda, mechi ya Simba na Yanga ilivyoisha na nani alinuna. Siku nyingine nawasomea kihadithi cha mistari minane mara mbili, wanasikiliza peni ziko chini, alafu wanakiandika upya wanavyokumbuka, wakimaliza wanalinganisha na cha kwangu ubaoni, na hapo ndo wanaona wenyewe kwamba mimi niliandika "went" wao wameandika "goed" bila mtu kuwagombeza. Siku nyingine nawapa sentensi sita fupifupi waziunge zibaki mbili, kwa because, kwa when, kwa who, maana ugonjwa mwingine wa watoto wetu ni kuogopa sentensi ndefu, wanaandika kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akiogopa kuteleza.

Kwenye kusahihisha sikusanyi zote. Kila kipindi nachukua daftari 12 za kila mkondo, mikondo mitatu ni 36, dakika mbili mbili ni saa 1 na dakika 12, namaliza kabla sijatoka shule. Ndani ya vipindi sita kila mtoto nimemfikia. Na wiki hiyo natafuta kosa la aina moja tu. Kama ni wiki ya "my mother she" nasahihisha hiyo, mengine nayapita hata kama mkono unawasha. Halafu chini naandika swali moja la kweli kuhusu alichokiandika, sio goodi wala trai hadi, swali la mtu aliyesoma akataka kujua zaidi. Yule binti nilimwandikia, mama alipata hela yake siku nyingine? Mwalimu asiyewahi kujaribu hili ajaribu wiki mbili, aone watoto wanavyokimbilia daftari zao wakirudishiwa kuangalia Madamu kauliza nini. Maksi hazijawahi kuwakimbiza hivo.

Ukipiga mistari mitano mara nne kwa wiki, kwa wiki 36 za masomo, ni mistari 720 kwa mwaka kwa kila mtoto. Linganisha na zile kurasa mbili tatu nilizozihesabu mwaka juzi.

Wapo wanaosema tukiyaacha makosa yatakomaa. Hofu hiyo nilikuwa nayo hata mimi, nilikuwa naona nikipita kosa bila kulipiga mstari nimeiba mshahara. Lakini nimeona kosa linakomaa zaidi kwa mtoto asiyeandika, kwa sababu halipati pa kutokea likaonekana, linakuja kuonekana Novemba ndani ya chumba cha mtihani ambapo hakuna wa kumwambia.

Kusoma nako. Hapa nchi yetu ilishawahi kufanya jambo zuri tukaliacha. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta hali mbaya sana, kiwango cha sekondari hakikuwa kinatosha hata kufuata masomo mengine, na baadae ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, ukaleta mashuleni vitabu vyembamba vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, unaanza na vyenye maneno machache unapanda taratibu. Mimi ni zao la vile vitabu. Nilikuwa nasoma hapahapa mkoa wa Tanga, likizo moja nilimaliza nane, nikiwa nachunga duka la mjomba, na sentensi nyingi ninazoandika mpaka leo kwa Kiingereza niliziokota humo bila kujua kama naziokota. Vitabu vile shule nyingi saivi havipo au vimefungiwa stoo visichafuke. Shuleni kwetu tulikuta sanduku nyuma ya stoo ya majembe, mchwa washakula nusu, tukatoa 31 vinavyosomeka, watoto wakavitengenezea jalada za maboksi na gundi ya unga. Msichana mmoja anashika daftari la kuazimisha, siku saba unarudisha, ukirudisha unaandika mistari mitano ulipenda nani humo ndani na kwa nini. Vitabu 31 kwa watoto zaidi ya 200 ni aibu, ila vinazunguka, na kingine kimeshafungwa uzi mara tatu maana kila mtu anakitaka. Mwenye vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi nyumbani vimekaa tu, tafadhali peleka shule ya kata iliyo karibu nawe, usingoje mpaka uwe navyo vingi.

Kuhusu Januari. Mtoto anamaliza darasa la saba mwezi wa tisa, miaka saba yote kafundishwa kwa Kiswahili, anakaa nyumbani mpaka Januari, anaingia kidato cha kwanza anakuta Fizikia kwa Kiingereza. Ndo maana kukawekwa ile kozi ya mwanzo tunayoiita besilaini, wiki kadhaa za Kiingereza tu kabla ya masomo mengine. Nimeona shule inayoimaliza kwa wiki mbili, na katika hizo mbili watoto wengine hawajaripoti bado wanahangaikia sare na madawati, alafu mwezi wa pili tunaanza kama vile wote wako sawa. Na ile miezi ya kusubiri nyumbani wazazi wanalipia prifomu wani, yaani tuisheni ya kujiandaa na kidato cha kwanza, nimezipitia daftari zake, ni notsi za Baiolojia za kidato cha kwanza mtoto anakopi mapema zaidi. Hela hiyo mzazi bora ununue daftari moja na vitabu viwili vya hadithi. Wakuu wa shule nawaomba besilaini msiikate, ndo msingi wenyewe, mwezi unaouokoa pale unaulipa miaka minne.

Najua kuna msomaji anauliza kwa nini tusifundishe kwa Kiswahili yaishe. Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, ilishapendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, haikutekelezwa, na mjadala upo mpaka leo. Mimi naona tume ile ilikuwa sahihi na nasema bila kumung'unya. Ila hata siku hiyo ikifika Inglishi kama somo itabaki, mtoto atatakiwa aiandike, na huyu aliyeko kidato cha pili leo mtihani wake hausubiri sera.

Walimu wa masomo mengine nao nawaomba kitu kidogo. Mwalimu wa Historia, mwalimu wa Baiolojia, ukimaliza mada kabla hujafuta ubao waambie watoto wafunge daftari waandike sentensi tatu za kwao, nimeelewa nini leo. Tatu tu. Usisahihishe Kiingereza chake kama huna muda, soma kama kaelewa. Inglishi ya vipindi vyangu peke yangu haiwezi kubeba shule nzima, wenzangu mnaongea nao Kiingereza masaa mengi kuliko mimi.

Na mzazi usiyejua Kiingereza usijitoe, nafasi yako ipo. Mwambie mtoto akusomee mistari yake mitano alafu akueleze kwa Kiswahili ameandika nini. Ukiona anakueleza kwa macho yanang'aa anaandika mwenyewe. Ukiona anasoma hajui maana yake amekopi, na hapo hujahitaji kujua Kiingereza kulitambua.

Mama yake yule binti alikuja kikao cha wazazi mwaka ule. Kikao kilipoisha akanisogelea, akasema, "Mwalimu, nasikia mwanangu ananiandika." Nilipata wasiwasi kidogo, nikafikiri kachukia. Nikatoa ile karatasi nikamsomea, nikamfafanulia kila sentensi. Alisikiliza ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, hakusema kitu, mpaka nilipofika mwisho pale pa kukosa hela. Akasema, "Yule konda alirudi, Mwalimu. Alinipa hela yangu siku ya pili yake. Mwambie aandike na hiyo."

Nilimwambia. Jumatatu ile nilikuta kwenye daftari lake dogo, na swali langu la zamani kalipigia mstari kwa rula:

"My mother got her money. The man came back on the second day because he is the conductor and he passes here every day. My mother gave him one orange. She did not sell it, she gave."

Ni mimi,
Mwalimu wa Inglishi,
Muheza, Tanga.